Siyo Kila Fundo Ni Naitrojeni

Mtu akitaka kujua sisi wanafunzi wa ualimu tunatafiti nini, aende maktaba, kwenye rafu ya ripoti za mwaka wa tatu. Ya kwanza: sababu za kushuka kwa ufaulu wa hisabati katika wilaya fulani. Ya pili: sababu za kushuka kwa ufaulu wa fizikia katika wilaya nyingine. Ya tatu: utoro na ufaulu. Ya nne: mchango wa wazazi katika ufaulu. Hojaji ni ile ile, limebadilishwa jina la wilaya tu, na majibu tunayajua kabla hatujapanda basi: vitabu havitoshi, walimu ni wachache, wazazi hawana mwamko. Tunapata alama zetu, ripoti inaanza kupigwa vumbi, bumu linaisha, maisha yanaendelea.

Mwaka huu ni zamu yetu. Mada zinatakiwa zifike kwa wasimamizi kabla ya likizo, na kabla hatujaanza kunakili za kaka na dada zetu naomba nafasi kwenye kurasa hizi nitoe pendekezo ambalo wenzangu wa kimbwetani wameshalicheka vya kutosha. Tutafiti minyoo. Siyo ya tumboni, ya kwenye mizizi.

Mimi natoka Sumbawanga. Najua, najua. Wiki ya kwanza chuoni mwenzangu wa chumba aliniuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo, na mpaka leo mtu akipoteza flashi hosteli naulizwa mimi. Jina la mji wetu watu hulitafsiri kuwa "tupa uchawi", yaani ukifika uyaache mambo yako nje ya mji, lakini utani wa vyuoni umeligeuza maana kabisa. Nimeuzoea. Huo uchawi nitaurudia baadaye kidogo, kwa sababu una uhusiano na minyoo kuliko unavyodhani.

Kwa asiyepajua, Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na Sumbawanga mjini ni takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Juni tusiizungumze. Watu wanalima mahindi, maharage, ulezi, alizeti, ngano, viazi mviringo, na mabondeni nyanya na kabichi. Mahindi yetu yako kwenye maghala na vihenge vya NFRA, maharage yanapanda malori mpaka Dar es Salaam. Mimi nimesomeshwa na maharage. Sitii chumvi: godoro, tranka, nauli ya kwenda bweni, michango ya shule, vyote vilitoka kwenye magunia ya mama. Kwa hiyo shamba la maharage likiumwa, kwetu hiyo haiwi habari ya kilimo tu. Kuna mtoto ambaye haripoti shule.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao nimeuona tangu nikiwa mdogo. Mmea unadumaa. Majani yanapauka na kuwa ya njano kama yamekosa mbolea. Saa saba mchana jua likiwaka unanyauka, ilhali ukichimba udongo una unyevu wa kutosha, na jioni unainuka tena kama hakuna kilichotokea. Haushiki shamba zima kwa pamoja, unashika kwa mabaka: hapa mimea imestawi, hatua kumi mbele imekaa kama yatima. Mkulima anaweka urea, haisaidii. Anaongeza, haisaidii. Analaumu mbegu, analaumu duka la pembejeo, analaumu mvua. Akimaliza hao wote anageukia jirani.

Mara nyingi mwenye kosa yuko chini ya udongo, na anaonekana bila kifaa chochote zaidi ya jembe. Anaitwa mnyoo fundo. Kwa Kilatini cha wanasayansi ni jamii ya *Meloidogyne*, na mwaka 2013 wataalamu wa fani hiyo walipoulizwa ni nematodi gani wa mimea kumi wanaoongoza kwa umuhimu duniani, huyu alishika namba moja. Mtoto wake anapotoka kwenye yai hafiki hata nusu milimita. Anatembea kwenye maji membamba yaliyozunguka chembe za udongo, anatafuta ncha ya mzizi, anaingia. Ndani anachoma seli kadhaa kwa mdomo ulio kama sindano, anazitemea mate yake, na seli hizo zinaacha kazi zake za kawaida, zinakuwa kubwa kupita kiasi na kuanza kumlisha yeye. Hapo anatulia. Jike anavimba kama peasi, hatoki tena, na anataga mamia ya mayai kwenye ute. Kwa spishi kadhaa zilizo za kawaida zaidi hata dume hahitajiki. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28 kizazi kimoja kinakamilika kwa takriban wiki nne. Kwenye baridi kama ya kwetu kinachukua muda mrefu zaidi, lakini kinakamilika. Mzizi unaomzunguka unavimba kuwa fundo, njia za maji na chakula zinavurugika, na ndiyo sababu mmea unanyauka huku maji yako pale pale.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana nilikuwa mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kata, juu uwandani, barabara ya kwenda Laela. Nilipewa Biolojia kidato cha pili na cha tatu. Shule ina shamba la maharage, kama shule nyingi za kwetu, na siku moja darasa lilipelekwa shambani kung'oa mimea ili wanafunzi waone kile ambacho kila mmoja wetu aliyepita sekondari amekikariri: mimea ya jamii ya kunde ina vinundu kwenye mizizi, ndani ya vinundu kuna bakteria wa *Rhizobium*, bakteria wanachukua naitrojeni ya hewani na kuufanya udongo uwe na rutuba. Swali la mtihani, alama za bure. Mimea ikang'olewa kutoka baka la njano, karibu na mfereji. Mizizi ilikuwa imejaa mafundo. Na darasa likafurahi! Eti tazama naitrojeni yote hii.

Mzizi ule ulikuwa mgonjwa. Fundo la mnyoo na kinundu cha bakteria ni vitu viwili tofauti, na kuvitofautisha ni somo la dakika tano. Kinundu cha *Rhizobium* kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi, kama kishaufu. Ukikisukuma kwa kidole gumba kinabanduka na mzizi unabaki mzima. Ukikipasua kikiwa hai, ndani kina rangi ya waridi au wekundu kama wa nyama. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halibanduki. Ukilivuta unakata mzizi. Ukilipasua kwa wembe na una macho mazuri, au lensi ya kawaida ya maabara, unaweza kuona kitu kidogo cheupe kinachong'aa kama lulu. Huyo ndiye jike. Nilipowaonyesha wanafunzi, tukaung'oa mstari mzima kutoka mferejini kwenda juu, tukaipanga mimea chini kwa mfuatano. Karibu na mfereji mafundo makubwa yaliyoungana, katikati madogo madogo, juu kabisa vinundu vya waridi tu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hasemi, akasema: "Mwalimu, kwa hiyo wanakuja na maji." Ndiyo. Kwa miguu yao wenyewe minyoo hawa hawafiki mbali. Wanasafirishwa na maji, na udongo ulionata kwenye majembe, na buti, na miche kutoka kwenye vitalu.

Silaumu shule ile. Silaumu hata kitabu, kwa sababu kilichoandikwa ni kweli. Ninachosema ni kwamba tumefundisha nusu ya kweli kwa watoto wa wakulima wa maharage, na nusu hiyo peke yake ina madhara: inamfanya mtu aone ugonjwa akaushangilia. Mtoto akienda nyumbani na kumwambia baba yake kwamba mafundo ni mbolea, baba atamwamini, maana amesoma.

Nilisema nitarudi kwenye uchawi. Katika kijiji kimoja ninachokifahamu, mashamba mawili ya viazi yalipakana. Moja lilikuwa la bibi mmoja mjane ambaye kwa kukosa nguvu alikuwa ameliacha misimu miwili likaota majani. Aliporudi kupanda, viazi vyake vilitoka visafi. Vya jirani, ambaye hakuwahi kupumzisha ardhi na kila mwaka alipanda viazi au nyanya hapo hapo, vilitoka na ngozi yenye vipele kama chunusi, dalali akavikataa. Mpaka wa mashamba ulionekana kama umechorwa kwa kamba: huku kijani, huku njano. Unajua maneno yaliyofuata. Bibi yule "amevuta" mavuno ya mwenzake. Vikao vikakaliwa, wazee wakaitwa, maneno makali yakasemwa mbele ya wajukuu zake. Kwa nchi hii, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, hilo siyo la kuchekea. Katika vikao vyote hivyo hakuna aliyesema jamani, hebu ng'oeni mmea mmoja huku na mmoja kule, tutazame mizizi. Vipele kwenye kiazi ni dalili inayojulikana ya mnyoo fundo. Kupumzisha shamba kwa majani ni njia inayojulikana ya kumpunguza. Wakulima wa tumbaku wa Zimbabwe wamepanda nyasi za Katambora kwenye mzunguko wao kwa sababu hiyo hiyo. Uzembe wa kulazimishwa wa yule bibi ulikuwa ndiyo tiba.

Utaniambia, mambo haya si yanafahamika? Yanafahamika sana, ila siyo kwetu. Mwaka 1855 mchungaji wa Kiingereza, Miles Joseph Berkeley, aliandika kuhusu mafundo kwenye mizizi ya matango yaliyokuzwa kwenye nyumba ya vioo. Mwaka 2008 wanasayansi walichapisha vinasaba vya spishi mbili za mnyoo huyu, *Meloidogyne incognita* na *Meloidogyne hapla*, herufi kwa herufi. Yaani dunia imeshamsoma mnyoo mpaka ndani ya seli zake, na mama yangu, anayemlisha kila msimu, hajawahi kuonyeshwa.

Na usidhani ni habari za Ulaya peke yake. A. G. Whitehead alichapisha mfululizo wa kazi juu ya minyoo fundo wa Afrika Mashariki. Mwaka 1968 alieleza spishi nne mpya, na mojawapo, *Meloidogyne ethiopica*, aliipata kwenye nyanya za Mlalo, kule Lushoto. (Mnyoo wa Usambara kapewa jina la kama mtu wa Addis Ababa. Tuliache.) Spishi hiyo baadaye imesumbua mizabibu ya Chile, na Ulaya wamekuwa wakiiogopa mipakani. Mwaka 1969 akachapisha makala juu ya mtawanyiko wa minyoo hawa katika Afrika ya kitropiki. Kwa hiyo utafiti umefanyika kwenye udongo wetu, kwa nyanya zetu, kisha ukaenda kukaa kwenye majarida ya Kiingereza ambayo ukitaka kuyasoma leo unaombwa dola.

Kuna jambo jingine linaloniuma hapo. Utafiti unafuata pesa. Kahawa ilitafitiwa minyoo yake mapema. Tumbaku ya Tabora ina taasisi yake ya utafiti. Ndizi za Kagera nazo zilipoanza kuanguka, mgomba mzima na mkungu wake unalala chini kwa sababu mizizi imeliwa na *Radopholus similis*, watafiti walikwenda, na katika ukanda huu wa migomba wakulima walifundishwa kumenya machipukizi na kuyachovya kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika kabla ya kupanda. Hilo ni jambo zuri. Maharage nayo hayakusahauliwa kabisa. Uyole, Mbeya, wametoa aina nyingi za mbegu ambazo kwetu zinajulikana kwa majina. Lakini ukitaka kujua kwamba katika kata fulani ya Kalambo au Nkasi mizizi ya maharage ina mafundo kiasi gani, nani atakwenda? Afisa ugani mmoja ana vijiji vingapi? Ana pikipiki, ana mafuta?

Mwalimu yupo. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kata nyingi zina sekondari, karibu kila kijiji kina shule ya msingi, na kila shule ina mwalimu aliyepita kwenye chuo kama hiki, ana darasa la macho makali hamsini, sitini, na kila jioni macho hayo yanarudi kwenye mashamba hamsini tofauti. Hakuna taasisi ya utafiti yenye mtandao kama huo. Tunachokosa ni mazoea ya kuutumia.

Kwa nini tuharakishe? Tazama Kenya. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba nematodi mwingine, wa vifuko vya viazi, *Globodera rostochiensis*, amepatikana Nyandarua. Huyu ni mbaya kwa namna yake: jike akifa mwili wake unakauka na kuwa kifuko kigumu kidogo kama kichwa cha pini, ndani yake mamia ya mayai, na kifuko hicho kinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka ishirini kikisubiri harufu ya mzizi wa kiazi. Uchunguzi uliofuata ulimkuta katika kaunti nyingi zinazolima viazi, na baadaye akaripotiwa Rwanda na Uganda. Kitu kama hicho hakishuki kutoka mbinguni wiki moja kabla ya kutangazwa. Kilikuwepo, watu wakipanda, wakivuna pungufu, wakilaumu mvua, hadi alipotokea mtu wa kuchota udongo na kuutazama. Na mbegu za viazi zinasafiri kwa magunia, gunia lina udongo, lori halina mpaka.

Wenzetu hao hawakuishia kuhuzunika. Watafiti wa IITA, icipe na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walijaribu kufunga kila kiazi cha mbegu kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba, yenye dawa kidogo mno, kisha kukipanda nayo. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2022, jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi likiwa Juliet Ochola. Kilichonifurahisha ni kwamba karatasi yenyewe, hata bila dawa, inazuia ile harufu ya mzizi isimfikie mnyoo. Anakaa pale pale na njaa yake, hajui kama chakula kimefika. Migomba tunayo. Karatasi inatengenezeka.

Nasisitiza njia za namna hiyo kwa sababu najua mkulima akishaambiwa "ni minyoo" swali lake la pili ni "dawa gani". Dawa za minyoo ya udongo zina historia ya kutisha. Moja iliyoitwa DBCP ilitumika duniani kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1977 ilipogundulika kwamba wanaume waliokuwa wakiitengeneza kiwandani Marekani walikuwa wamekosa uwezo wa kuzaa. Sitaki mwanafunzi wangu amwambie baba yake kuna minyoo, halafu baba akanunue unga usio na lebo sokoni na kuupima kwa kifuniko cha soda.

Basi tutafiti nini, na kwa vifaa gani? Hapa ndipo wenzangu walipocheka zaidi, wakidhani nazungumzia maabara ya mabilioni. Kupima mafundo kwenye mizizi kuna kipimo cha sifuri hadi kumi kilichochorwa na John Bridge na Sam Page mwaka 1980: mzizi msafi ni sifuri, mzizi uliokwisha kabisa ni kumi. Ni picha. Unaulinganisha mzizi ulioshika mkononi na picha, unaandika namba. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza. Kuwatoa minyoo wenyewe kwenye udongo kuna njia ya sinia ambayo Whitehead huyo huyo na Hemming waliichapisha mwaka 1965: chujio pana, juu yake tishu, juu ya tishu udongo kiasi, chini sinia lenye maji yanayogusa udongo kwa chini. Unaacha usiku mmoja au mbili. Minyoo hai wanapenya tishu na kushuka majini, udongo unabaki juu. Unayamimina maji, unatazama kwa hadubini ya kawaida ya shule. Chujio, tishu, sinia. Vyote vinapatikana kwa mama lishe aliye nyuma ya hosteli.

Na maswali yapo mengi kuliko wanafunzi. Mimi langu nimeshalichagua. Wafipa wana kilimo cha ntumba. Mvua zinapokaribia kuisha unakata majani, unayakusanya, unayafunika kwa udongo wenye nyasi zake uliopinduliwa, unapata tuta la mviringo ambalo ndani yake linaoza polepole. Juu yake unapanda maharage. Msimu unaofuata unayatawanya matuta na kusia ulezi. Wageni waliofika Ufipa wameandika juu ya ntumba kama njia ya mbolea, na ni kweli. Lakini mtu akishasoma kidogo juu ya nematodi anauona mfumo huo kwa jicho jingine: majani yanayooza yanaleta kuvu na viumbe wengine wanaowala au kuwadhoofisha minyoo wa mimea, zao linabadilika kila msimu, na ardhi ilikuwa ikipumzishwa kwa nyasi. Leo watu wengi wanalima tambarare kwa ng'ombe au trekta, mahindi na maharage hapo hapo mwaka hadi mwaka. Nataka kuchukua mashamba ya ntumba na ya tambarare yaliyopakana, ning'oe maharage, nitoe namba za sifuri hadi kumi, nilinganishe. Basi. Ikitokea hakuna tofauti nitaandika hakuna tofauti.

Mwingine anaweza kuchukua marejea, ile mimea ya maua ya njano ambayo Wabenediktini wa Peramiho waliihimiza kama mbolea ya kijani. Jamii hiyo ya *Crotalaria* inajulikana kwa kutompa mnyoo fundo makazi mazuri. Mwingine aende kwenye vitalu vya nyanya, maana mche ukitoka kitaluni na mafundo mkulima amenunua tatizo kwa pesa yake. Na wa saikolojia ya elimu, usikimbie: pima wanafunzi wangapi wa kidato cha nne, wote waliojibu sawa swali la *Rhizobium*, wanaweza kutenganisha mzizi mzima na mgonjwa ukiwaweka mezani pamoja. Hiyo nayo ni ripoti ya ufaulu, kama ufaulu ndio tunaoupenda.

Rafiki yangu mmoja anayesoma kilimo chuo kingine aliniambia kwa simu kwamba mwalimu hawezi kutambua spishi, kwamba siku hizi hata alama za nyuma ya jike, zinazofananishwa na alama za vidole, hazitoshi, inatakiwa DNA. Ana haki. Na nematodi wa vidonda, *Pratylenchus*, anayeshambulia mahindi, hafanyi fundo lolote. Bila hadubini na mtu aliyefunzwa humjui. Sidai kwamba tutachukua kazi ya SUA, ya Uyole wala ya TPHPA. Nadai tuwape kitu ambacho hawana: orodha ya vijiji ambako mizizi ina mafundo, imekusanywa na watu wanaokaa huko. Wao wakija na DNA yao wajue pa kuanzia.

Mwingine, huyu wa humu humu chuoni, aliniuliza kwa dharau kidogo kama nimekuja kusomea ualimu au ubwana shamba. Ndugu yangu, Elimu ya Kujitegemea ni ya mwaka 1967. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, na kilimo kimo humo. Mwakani au mwaka wa keshokutwa wewe na mimi tutapangiwa shule yenye shamba, na mkuu wa shule ataangalia nani kijana amkabidhi. Tunaweza kulifanya shamba hilo kuwa adhabu ya wachelewaji, kama lilivyokuwa kwa wengi wetu. Au tuling'oe mistari miwili kila msimu na kuandika namba ukutani, tuone mwaka hadi mwaka zinapanda au zinashuka.

Na tuandike kwa Kiswahili. Sijasema ripoti ya chuo, hiyo ina kanuni zake. Nasema ukurasa mmoja unaobaki kijijini, ubandikwe ofisi ya mtendaji, wenye picha mbili: mzizi wenye vinundu vya waridi na mzizi wenye mafundo, na maneno ya kumwambia mtu asukume kwa kidole gumba. Yule bibi wa viazi angekuwa na karatasi hiyo siku ya kikao, ingemsaidia zaidi ya ripoti zote zilizo kwenye rafu yetu.

Hadubini za idara zinafungiwa saa kumi jioni, lakini fundi wa maabara amekubali kutuachia moja Jumamosi asubuhi. Nimeshanunua chujio mbili na boksi la tishu. Udongo nimeleta kutoka nyumbani, uko kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda changu, na mwenzangu wa chumba ameshaanza kuuliza ni wa nini.